Mto Haukuwa Mkubwa kwa Sababu Tulikuwa Wadogo

Watu waliokulia Embu wakikutana Nairobi, au kwenye matanga huko nyumbani, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika Rupingazi. Mmoja atasema mto ule ulikuwa mkubwa. Mwingine ataongeza kwamba palikuwa na mahali maji yalimfunika mtu mzima. Wa tatu atakumbuka sauti yake usiku wa mvua za Aprili, jinsi ilivyosikika hadi kitandani. Kisha kuna yule mmoja, hakosekani, atakayetabasamu na kusema: nyinyi mlikuwa wadogo, na mtoto kila kitu hukiona kikubwa. Basi watu hucheka kidogo, wakahamia siasa.

Makala haya ni jibu langu kwa mtu huyo. Nasema mto ulikuwa mkubwa kwa kipimo cha mtu mzima, na kwamba kumbukumbu zetu za utotoni, hizi tunazozichukulia kama porojo za kupitishia jioni, ni ushahidi ambao nchi inauhitaji na ambao wenye nao wanazidi kuzikwa kila mwaka.

Nianze na mto wenyewe. Rupingazi hutoka katika msitu wa Mlima Kenya, ukateremka kati ya Embu na Kirinyaga, ukapita magharibi ya mji wa Embu katika bonde ambalo kila anayetoka Kutus hulivuka kabla ya kupanda mjini. Kapingazi, mto mdogo unaotokea pande za Manyatta, huungana nao. Maji hayo huingia Thiba, Thiba huingia Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme ya Seven Forks: Kindaruma tangu 1968, Kamburu tangu 1974, na mingine iliyofuata. Sisi tulisomea koroboi, na maji yaliyokuwa yamepita chini ya nyumba zetu yaliwasha taa za Nairobi. Hilo silitaji kwa uchungu. Nalitaja kwa sababu mto wa kuchezea watoto tu haujengewi mabwawa.

Mji nao ni mtoto wa mto. Waingereza waliweka kituo chao Embu mwaka 1906, baada ya kuwavamia wenyeji kwa silaha, na baadaye mji ukawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Hoteli kongwe ya mji, iliyo kando ya barabara ya kwenda Meru, inaitwa Izaak Walton. Huyo alikuwa Mwingereza aliyeandika kitabu kuhusu uvuvi wa ndoano mwaka 1653. Hakuna mtu anayeipa hoteli jina la mvuvi mahali pasipo na maji ya kuvulia. Wazungu walikuja kwa ajili ya trauti, samaki wa maji baridi ambao wakoloni waliwapandikiza katika mito ya Mlima Kenya, na trauti hawaishi katika kijito kilichojaa tope.

Baba yangu alikuwa karani katika ofisi za mkoa. Mama alitoka Chuka, ng'ambo ya Thuci, kwa hiyo alikuwa mgeni Embu na mto ndio uliompa watu. Kila Jumamosi aliteremka na nguo za nyumba nzima zikiwa zimefungwa katika shuka, nasi wasichana tukifuata na mitungi mgongoni, ukanda ukiwa umepita juu ya kipaji. Pale chini kila mwanamke alikuwa na jiwe lake la kufulia. Hapakuwa na hati ya kumilikisha jiwe, ila lilikuwa lake. Ukikuta mwenzako hajafika uliweza kulitumia, lakini akitokea pale juu ya mteremko ulihama bila kuambiwa. Mama alipewa jiwe na mwanamke mmoja mzee ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kuushuka ule mteremko. Alilipokea kwa heshima kama mtu anayekabidhiwa shamba.

Jiwe la mama lilikuwa pana, na sehemu yake ya juu ilipinda kidogo kuelekea majini. Maji yalilifika kiunoni, yaani kiuno cha jiwe, msimu wa kiangazi, na wakati wa mvua lilizama lote na wanawake wakapanda kufulia kwenye mawe ya juu. Walijua miezi kwa mawe hayo. Sabuni ilipokatika vipande iliokotwa mpaka punje ya mwisho. Nguo zilianikwa juu ya nyasi, watoto wakaoga, wavulana wakapanda juu zaidi ya mto ambako walidhani hatuwaoni, wakageuza mawe kutafuta kaa. Habari zote za mji zilipita hapo: nani amehamishwa kutoka ofisi za mkoa, nani amejifungua, mume wa nani amelewa mshahara. Nikisikia leo watu wakisema kwamba wanawake wa zamani walinyamazishwa, nakubali kwa sehemu kubwa, ila nakumbuka pia kelele za pale chini.

Sasa nisikilizwe kuhusu jiwe hilo. Mwaka 1984, ule mwaka wa mahindi ya njano kutoka Marekani, mvua ndefu haikunyesha. Rupingazi ulipungua kuliko watu wazima walivyowahi kuona, wakavuka kwa miguu mahali ambapo siku zote palihitaji daraja. Mama husema mwaka huo ndio pekee aliouona mguu wa jiwe lake, yaani pale linapokutana na mchanga, na kwamba wanawake walisimama wakalitazama kama mtu aliyevuliwa nguo. Leo jiwe lile lile liko katika shamba la mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza. Liko mbali na maji kiasi kwamba mkulima amelizungushia mifereji midogo ya kumwagilia, na amesahau, au hakuwahi kujua, kwamba lilikuwa ndani ya mto. Na hali hii ya leo haikuletwa na mwaka wa njaa.

Mawe hayatembei. Mtoto anaweza kukosea ukubwa wa mto, lakini mama alikuwa mtu mzima mwenye watoto aliposimama kando ya jiwe hilo na maji yakimfika magotini. Ukiwauliza wanawake wa rika lake, wataonyesha mawe mengine, moja baada ya jingine, na ukiyaunganisha yote unapata mstari. Mstari huo ndio ukingo wa zamani wa Rupingazi.

Tulipokwenda Chuka kwa nyanya, tulivuka mito mingine. Barabara ya lami ya Embu hadi Meru ilikuja miaka ya 1980. Kabla yake basi lilishuka na kupanda kila bonde kwa barabara ya udongo, na watoto tuliisoma nchi kwa majina ya mito: Ena, Thuci, Ruguti, na ukiendelea mbele kuelekea Meru, Tungu, Nithi, Mutonga, mpaka Kathita unaopita Meru yenyewe. Thuci ulikuwa mpaka wa wilaya mbili wakati huo, na leo ni mpaka wa kaunti mbili. Kwetu sisi ulikuwa katikati ya ukoo. Baba alinyamaza tukiupita, mama akaanza kuongea, kwa sababu sasa tulikuwa kwao. Lami imefupisha safari, na kwa hilo nashukuru, ingawa mabonde hayo yana hasira zao: mwaka 2022, Julai, basi lilitumbukia katika bonde la Nithi na zaidi ya watu 30 wakafa pale pale ambapo wengine wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mtu hawezi kupita Nithi na kudhani kwamba mto ni mstari tu kwenye ramani.

Nyanya alikuwa na kipande chake cha nduma kando ya mto. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukielewa mpaka utu uzima. Nduma zilikuwa za wanawake. Miwa pia ilikuwepo, na ndizi, lakini kile kipande cha majimaji chini kabisa hakikuwa sehemu ya shamba la babu kwa namna ambayo kahawa ilikuwa ya babu. Wanawake wa kijiji walipeana vipande kule chini, wakasaidiana kupalilia, na mkuyu mmoja mkubwa uliachwa usimame kwa sababu kila mtu alijua kwamba chini yake kuna chemchemi. Hakuna aliyesema ule ulikuwa uhifadhi wa mazingira. Mtu aliyetaka kuukata angejibu maswali ya kijiji kizima.

Kisha ramani ilikuja. Wakati wa Hali ya Hatari watu wa Embu na pande hizo walikuwa wamesukumwa vijijini, na Chuka yenyewe ina kidonda chake cha Juni 1953, wanajeshi wa King's African Rifles walipowaua raia wasio na silaha. Nyanya alizungumza juu ya miaka hiyo kwa nadra, na alipofanya hivyo alitazama pembeni. Baada ya hapo ukafuata upimaji wa ardhi, na mashamba yakakatwa vipande virefu kutoka barabara ya mgongo wa kilima hadi mtoni, ili kila familia ipate njia ya kufika majini. Ulikuwa mpango wenye busara yake. Lakini tazama ulivyofanya: ukingo uliokuwa mahali pa wanawake na pa kijiji uligeuka kuwa mwisho wa shamba la mtu mmoja, na jina lililoandikwa katika hati lilikuwa la mwanamume.

Shamba la babu liligawanywa kwa wana wake, na wana wakawagawia wana wao. Kwenye vilima vyetu, wa kwanza hupata juu karibu na barabara, ambako anaweza kujenga duka. Wa mwisho hupata chini. Huyo wa chini hana kahawa, hana barabara, ana mteremko na majimaji. Mkimwambia asilime ukingo mnamwambia asile. Nimewasikia watu wa mijini wakiwatukana wakulima hawa kwamba ni waharibifu, na naona matusi hayo hayana haki. Mtu aliyelipiwa karo na kahawa ya babu yake, akaondoka, akajenga Nairobi, hana mdomo wa kumhukumu binamu aliyebaki na robo ekari ya bonde na pampu ya petroli.

Na kahawa yenyewe isisahaulike katika hesabu hii, kwa sababu sisi sote ni watoto wake. Embu na Meru, pamoja na Kisii, ndiko Waafrika walikoruhusiwa kwanza kulima kahawa katika Kenya ya wakoloni, miaka ya 1930. Kiwanda kilijengwa karibu na mto kwa sababu bila maji hakuna kahawa ya kuuza kwa bei: tunda linamenywa siku ile ile lilipochumwa, linachachushwa tangini, linaoshwa tena na tena katika mifereji ya saruji, ndipo linaanikwa mezani. Kuanzia Oktoba hadi Desemba tulichuma hadi vidole vikawa vyeusi, tukabeba magunia kiwandani, tukangoja mizani usiku. Mwaka 1977, baada ya baridi kali kuua mibuni ya Brazili, pesa ziliingia nyumba ambazo hazikuwahi kuziona. Mabati yalipanda juu ya nyumba za udongo. Mwaka 1989 mgao wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na mtu mmoja baada ya mwingine akang'oa mibuni usiku ili majirani wasimwone.

Mto ulilipa sehemu ya gharama hizo. Maji ya kuoshea yalirudi mtoni na maganda yake, na msimu huo Rupingazi, kama mito mingine yote ya kahawa, ulinuka uchachu wa siku nyingi. Wanawake walihamia juu ya kiwanda kufua. Kaa walipotea, na sijui kama walirudi wote. Nalisema hili kwa sababu kumbukumbu ya kweli haipambi. Mto wa utoto wangu haukuwa safi daima, na sidai hivyo. Nadai kwamba ulikuwa mpana.

Upana una uzito gani, mtu atauliza. Una uzito wa sheria. Kanuni za usimamizi wa maji za mwaka 2007 zilieleza ukingo wa kuachwa bila kulimwa wala kujengwa kwa namna hii: upana sawa na upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6, usizidi mita 30, kila upande. Kipimo hicho kinasikika cha haki mpaka unapokitazama kwa jicho la mtu aliyeujua mto tangu zamani. Tuseme mto ulikuwa na upana wa mita 20. Ukingo wake ni mita 20. Ukipunguzwa na pampu, na miti, na kifusi, ukabaki mita 7, ukingo wake pia unakuwa mita 7. Aliyeupunguza anapata ardhi, na sheria inampimia kutoka pale alipoufikisha. Mto unaonyang'anywa unapoteza na ulinzi wake.

Kwa hiyo swali kubwa ni hili: upana wa lini? Vituo vya serikali vya kupimia maji ni vichache na haviko kwenye kila kijito. Zipo picha za zamani za angani, zile zilizosaidia kuchora ramani za mashamba, na zinafaa kutafutwa na kutumiwa. Lakini picha haijui kama ilipigwa mwezi wa mafuriko au wa ukame. Mama anajua. Anajua jiwe lililozama Aprili na jiwe lililobaki kavu. Anajua mvua za 1961 zilifika wapi kwa sababu mwenye jiwe kabla yake alimwambia, na anajua za El Nino ya 1997 kwa sababu alizitazama mwenyewe.

Mengi mazuri yamejaribiwa, na sipendi kuandika kana kwamba hakuna aliyefanya kazi. Sheria ya maji ya 2002 ilileta vyama vya watumiaji wa maji, na Kapingazi una chama chake. Mradi wa Mlima Kenya Mashariki, uliofadhiliwa na IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, tangu miaka ya 2000, ulifanya kazi katika mabonde ya mito hii kuanzia Kapingazi hadi Kathita, watu wakapanda miti na kuchimba matuta. Mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito, na ingawa amri hiyo ilitekelezwa kwa kusuasua, ilisema hadharani jambo ambalo kila nyanya alilijua: miti hiyo hunywa mto. Kule juu, uchunguzi wa msitu kutoka angani mwaka 1999 ulionyesha miti ya asili ikikatwa, tanuri za makaa na mashamba ya bangi, na mwaka uliofuata ulinzi wa msitu ukakabidhiwa Shirika la Wanyamapori. Msitu ni chanzo, nami siudharau. Ila asilimia kubwa ya mazungumzo yetu huelekea juu mlimani, ambako si kwetu, na kidogo sana hushuka kule chini kwenye mawe.

Wameru wanaweza kutufundisha kitu hapa. Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, limeendelea kutambuliwa tangu kabla ya ukoloni hadi leo, na miongoni mwa mambo yake ya asili ni kulinda misitu mitakatifu na vyanzo vya maji. Mzee akisema mahali fulani hapalimwi, neno lake lina mahali pa kukaa. Embu hatuna chombo chenye nguvu ya namna hiyo, na hata Meru chombo hicho ni cha wanaume. Elimu ninayoizungumzia iko kwa wanawake waliofua, waliochota, waliolima nduma. Kaka zangu wanaukumbuka mto kwa alfajiri moja ya baridi kali, walipoogeshwa humo kabla ya kutahiriwa, na kumbukumbu hiyo ni yao na ina heshima yake. Lakini aliyeingia mto alfajiri moja hawezi kutoa ushahidi sawa na aliyeingia kila Jumamosi katika miaka yote ya ndoa yake.

Ninachoomba kwa kaunti za Embu, Tharaka Nithi na Meru, na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ni hiki. Kabla ya kupiga vigingi vya ukingo katika bonde lolote, chama cha watumiaji wa maji kiwaite wanawake wazee wa hapo, washuke pamoja na mpimaji, waonyeshe mawe yao, na kila jiwe liandikwe kwa jina la mahali, mwezi na kimo cha maji. Lilinganishwe na picha za zamani. Ukingo upimwe kutoka kwenye mstari huo. Na yule wa chini, mtoto wa mwisho wa mtoto wa mwisho, asifukuzwe mikono mitupu: alipwe na mji unaokunywa maji hayo na kampuni zinazouza umeme wake, kwa kuotesha nduma, mianzi na nyasi za ng'ombe pale ambapo leo anapanda mishiri. Kulipwa kwa kutunza maji si ndoto. Wataalamu walilijadili jambo hilo na wakulima wa Kapingazi miaka mingi iliyopita.

Wapimaji waje Februari, maji yakiwa chini na mawe yakionekana. Waje asubuhi, kwa sababu ule mteremko una jua kali kuanzia saa tano, na wanawake wa umri wa mama yangu hawawezi tena kuupanda saa hizo.